Kabla ya Kuhesabu Nyota: Utangulizi wa Elimu ya Mapumziko ya Pwani kwa Wasomaji wa Kitui na Makueni

Sehemu ya maji yanayonywewa Mombasa huanza safari yake kama mvua juu ya vilima vya Chyulu. Mvua hiyo haikai juu ya ardhi. Hufyonzwa na mawe meusi ya volkano, ikapita chini kwa chini, ikaibuka katika chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi. Kutoka hapo bomba lililokamilika mwaka 1957 huyafikisha maji mjini. Mto Athi nao, unaotenganisha Makueni na Kitui, huingia Tsavo Mashariki, ukakutana na mto Tsavo, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Karibu na mwisho wa safari hiyo, mahali paitwapo Baricho, vimechimbwa visima vinavyowapa maji watu wa Malindi, Watamu, Kilifi na sehemu za Mombasa. Mgeni anayefungua mfereji katika chumba cha hoteli ya kifahari, basi, amekwisha kupokea kitu kutoka upande wetu kabla hajatujua.

Nimeanza na maji kwa sababu elimu ninayokukaribisha leo huonekana kama ya watu wengine. Kuchagua hoteli nzuri kando ya bahari, kukaa siku kadhaa bila jembe wala chaki mkononi, kula chakula ulichopikiwa na kuoga unapotaka: kwa muda mrefu mambo hayo yalidhaniwa kuwa ya Mzungu aliyeshuka kwenye ndege akiwa na kofia ya ukili. Siku hizi mwalimu wa Mwingi, muuguzi wa Makindu, mwenye duka la pembejeo mjini Wote na akina mama wa chama cha Kibwezi wote wana pwani katika mipango yao ya mwaka. Wanachokosa ni namna ya kuchagua. Wengi huangalia picha, wakahesabu nyota, wakalinganisha bei, kisha wakalipa.

Hoja ya utangulizi huu ni fupi. Nyota hupima jengo na huduma zake. Mapumziko yenyewe hutegemea zaidi mambo manne yasiyoandikwa mlangoni: bahari iliyo mbele ya hoteli, majira utakayofika, njia itakayokufikisha, na hali ya watu watakaokuhudumia. Mambo hayo manne yanaweza kusomwa, na kuyasoma ndiyo kazi ya taaluma hii.

Taaluma yenye wazazi wengi

Elimu ya mapumziko ya pwani haina mzazi mmoja. Wanajiografia huuliza kwa nini ufuko huu umejaa hoteli na ule umebaki na wavuvi. Wanahistoria huuliza ni lini watu walianza kuitamani bahari. Wachumi huuliza mteja ataijuaje thamani ya kitu asichokiona, na wanasosholojia huuliza nani anapumzika na nani anafanya kazi ili yule apumzike.

Anza na swali la wachumi, kwa maana ndilo linalomkabili kila anayetafuta chumba. Mwaka 1970 Mmarekani Phillip Nelson alitofautisha bidhaa unazoweza kuzikagua kabla ya kununua na zile ambazo ubora wake hujulikana kwa kutumia tu. Mbuzi wa mnadani unaweza kumshika mgongo na kumfungua kinywa ukaona meno. Usiku wa hoteli huwezi. Unaulipia ukiwa Kitui, unauonja ukiwa Diani, na ukishauonja umekwisha. Ndiyo maana biashara hii yote inaendeshwa kwa dalili: nyota, picha, sifa za waliotangulia, jina la kampuni, hata bei yenyewe. Anayejua kuzisoma dalili hizo huokoa fedha, na anayejua zile ambazo hakuna anayezitangaza hupata mapumziko.

Wanajiografia wana chombo chao. Mwaka 1980 Richard Butler alieleza kwamba mahali pa utalii hupita hatua: wageni wachache hupagundua, wenyeji huanza kuwapokea, wawekezaji huja, mahali hukomaa na kujaa, kisha hudumaa, na kutoka hapo ama hufifia ama hufufuka kwa sura mpya. Mfano huo hautabiri kila kitu, ila unafaa kushikwa mkononi ukiitazama Malindi, ambako hoteli ya Lawford's ilifunguliwa mwaka 1934, au Nyali, ambako Nyali Beach Hotel ilifunguliwa mwaka 1946. Jina lenye heshima ya miaka mingi linaweza kuwa katika hatua ya kukomaa, ya kudumaa au ya kufufuka, na mteja mwerevu huuliza ni hatua gani. Swali jepesi la kuifichua ni hili: vyumba vilikarabatiwa mwaka gani, na ni vyumba vipi?

Wenyeji wa kale, wageni wapya

Ukarimu wa pwani yetu una umri mkubwa kuliko hoteli. Msafiri Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, alieleza jinsi merikebu ilipotia nanga Mogadishu vijana walivyoiendea kwa mashua wakiwa na vyombo vya chakula, kila mmoja akimchagua mfanyabiashara na kumtangaza kuwa mgeni wake. Mgeni alikaa nyumbani kwa mwenyeji, na biashara yake ikapitia mkononi mwa mwenyeji huyo. Pepo ndizo zilizoulazimisha utaratibu wa namna hiyo kote pwani: aliyekuja na kaskazi alisubiri kusi imrudishe, na kusubiri huko kulichukua miezi. Malazi, chakula, dhamana na biashara vilikuwa kitu kimoja.

Watu wa Ukambani waliijua njia hiyo ya pwani mapema. Mmisionari Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alipokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa ambaye misafara yake ya pembe ilikuwa imezoea kushuka Mombasa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikawa mlango wa vijana wetu kwenda kutafuta kazi bandarini na mjini. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kukaja wachongaji. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza ufundi akiwa Tanganyika wakati wa vita, akaurudisha nyumbani, na kizazi kilichofuata kikashuka nao pwani, hata mwaka 1963 ushirika wa wachongaji wa Akamba Handicraft ukaanzishwa Changamwe. Twiga na swara wa mbao waliosafiri katika mizigo ya watalii wengi walitoka kwenye mikono hiyo.

Angalia mfululizo huo: mfanyabiashara wa pembe, kibarua wa reli, mchongaji, mpishi, askari wa lango. Kwa zaidi ya miaka mia moja tulifika baharini kama wauzaji na wafanyakazi. Hoteli za wakati wa ukoloni zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Kuingia kwa mlango wa mapokezi ni jambo jipya, na bado lina ugeni wake. Wako watu wenye fedha za kutosha ambao hunyamaza chumba kinapokuwa na kasoro kwa kuona haya kulalamika mahali kama pale. Haya hiyo ina historia, na kuijua historia hiyo husaidia kuivua.

Kwa upande wa Ulaya, hadithi ilianza kwa hofu. Mwanahistoria Mfaransa Alain Corbin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1988, alionyesha kwamba hadi karne ya 18 Wazungu wengi waliuona ufuko kama mahali pa kutisha, na ni polepole tu walipoanza kuutamani. Madaktari walichangia. Richard Russell wa Uingereza aliandika mwaka 1750 kuhusu kutibu maradhi kwa maji ya bahari, na wagonjwa matajiri wakaanza kumiminika Brighton. Ufaransa ya kusini ilipata wageni waliokimbia baridi. Reli ilifika Nice mwaka 1864, na mwaka 1887 Stéphen Liégeard akatoa kitabu kilichoipa pwani ile jina la Côte d'Azur, ambalo limebaki hadi leo. Hoteli kubwa zikasimama, Carlton mjini Cannes na Negresco mjini Nice, hii ya pili ikifunguliwa mwaka 1913.

Jambo moja katika historia hiyo huwashangaza wanafunzi kila mara: hoteli hizo zilikuwa za majira ya baridi. Kiangazi, wakati ambapo leo chumba hakipatikani, zilifungwa. Jua kali lilikuwa la wakulima na wavuvi, na bibi wa heshima alilikimbia kwa mwavuli. Mwaka 1923 Gerald na Sara Murphy, mume na mke kutoka Marekani, waliiomba Hôtel du Cap ya Antibes isifunge kiangazi hicho, nao na marafiki wao wakakaa. Kidogo kidogo desturi ikageuka. Mwaka 1936 sheria ya Ufaransa iliwapa wafanyakazi majuma mawili ya likizo yenye malipo, na ufuko ukapata watu ambao haukuwahi kuwaona. Bahari na majengo vilikuwa vilevile; fikra ya mapumziko ndiyo iliyobadilika, na sheria ya kazi ikaipa nguvu. Sisi nasi tuna Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inayompa mfanyakazi likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka akiwa na mshahara kamili. Bila kifungu hicho wateja wengi wa Kitui na Makueni wasingekuwepo.

Kusoma bahari

Sasa tuingie majini, kwa sababu hapa ndipo msomaji wa bara anapopotea zaidi.

Picha za pwani ya kusini ya Ufaransa zimetufundisha kwamba hoteli ya kifahari huwa na maji miguuni pake saa zote. Bahari ya Mediterania karibu haipwi wala haijai, hivyo jengo linaweza kukaa ukingoni kabisa. Hata huko Ufaransa hali si moja: Saint-Malo, upande wa kaskazini, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 12 siku za mwezi mkubwa. Pwani ya Kenya iko katikati. Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 3 hadi 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo ni ndogo.

Kuna utaratibu ambao kila mvuvi anaujua, ila matangazo ya hoteli hayausemi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua, na siku hizo pwani ya Mombasa maji hujaa alfajiri na alasiri, yakapwa katikati ya asubuhi. Anayetaka kuogelea saa nne asubuhi atakuta bahari imerudi hadi karibu na mwamba, mbele yake mchanga, vidimbwi na nyasi za baharini. Anayetaka kutembea na watoto kuona kaa na viti vya pweza atakuwa amefika kwa wakati wake. Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, saa zimebadilika. Hivyo kalenda ya mwezi ni sehemu ya kuchagua hoteli, na swali la kumwuliza mtu wa mapokezi ni jepesi: "Dada, juma hilo maji yatajaa saa ngapi?" Akijibu bila kusitasita, umejua pia kwamba hoteli hiyo inaijua bahari yake.

Mwamba nao usomwe. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Mchanga mweupe wa Diani ni zao la mwamba huo, vipande vya matumbawe na magamba yaliyosagwa kwa karne nyingi. Mahali penye mlango wa maji, hasa mdomo wa mto, matumbawe hukatika, kwa sababu maji matamu na tope hayapatani nayo.

Hapo tunarudi kwenye Athi. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kupima tumbawe la Malindi lenye umri wa karibu miaka 300. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka na kuhifadhi dalili za udongo uliofika baharini. Walikuta kwamba kati ya mwaka 1700 na 1900 udongo huo ulikuwa mdogo na haukubadilika sana. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 ukaongezeka kwa kasi, na ukaendelea kuongezeka. Ni wakati uleule ambapo utawala wa kikoloni ulichukua ardhi, mifugo na watu wakabanwa mahali padogo, na vilima vikabaki wazi. Bonde la Athi, likiwemo shamba la babu yako, limeandikwa ndani ya tumbawe hilo.

Kwa mteja, maana yake inaonekana kwa macho. Mvua zetu za kutegemewa ni zile za Oktoba hadi Disemba. Mto ukijaa, Sabaki hupeleka maji mekundu baharini, na kaskazi inapoanza kuvuma huyasukuma kusini, kuelekea Malindi. Kusi inapovuma, katikati ya mwaka, tope huelekea kaskazini na Malindi hupata nafuu. Udongo huohuo umeusogeza ufuko wa Malindi mbele, hata majengo yaliyojengwa karibu na maji yakajikuta na uwanja mpana wa mchanga. Watamu iko kusini zaidi na huathirika kidogo. Diani iko mbali kabisa na mdomo huo. Mvua ile inayokupeleka shambani kupanda ndengu ndiyo itakayokuambia rangi ya bahari ya Malindi mwezi huo.

Lakini udongo hauendi baharini kwa lazima. Vikundi vya myethya vilivyochimba matuta ya fanya juu katika Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, vimeandikwa na Tiffen, Mortimore na Gichuki katika kitabu cha mwaka 1994 kinachoeleza jinsi watu walivyoongezeka huku mmomonyoko ukipungua. Kitui nako mabwawa ya mchanga yamesambazwa tangu miaka ya 1990 na shirika la SASOL pamoja na wanavijiji. Anayechimba tuta Kibwezi anahifadhi mahindi yake, na kwa sehemu ndogo anahifadhi mwamba ambao mtoto wake atauogelea. Sijui taaluma nyingine ambamo jembe na taulo la ufukweni hukaa katika sura moja.

Nyota na kisichopimwa

Nyota zenyewe tusizidharau. Kenya huzitoa kupitia Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, kwa vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vigezo hivyo vinatofautisha hoteli za mjini na hoteli za likizo, vikatazama jengo, vyumba, jikoni, usafi, usalama na huduma, na daraja la juu ni nyota tano. Ufaransa nayo huishia tano, na tangu mwaka 2010 ina heshima ya ziada iitwayo Palace kwa hoteli chache zilizopita hata hapo. Nyota zikitolewa na mamlaka zinakuambia kwamba mtu aliyefunzwa ameingia jikoni na kukagua. Hilo si dogo. Hakikisha tu kwamba zimetolewa na mamlaka, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuchora nyota kwenye bango.

Mipaka yake ni hii: nyota hazijui kelele za disko ya jirani, hazijui mwani uliosukumwa ufukweni juma hili, hazijui kama unasafiri na mama mwenye magoti mabovu au na watoto watatu. Hoteli ndogo yaweza kuwa na utulivu usiopatikana katika jengo la vyumba 300. Peponi ya Shela, Lamu, iliyofunguliwa mwaka 1967, ilipata jina kubwa ikiwa na vyumba vichache tu. Ukubwa una faida zake pia: mabwawa kadhaa, vyakula vya aina nyingi, mahali pa watoto kucheza. Jiulize kwanza mapumziko yako ni ya namna gani, ndipo uulize nyota.

Bei nayo isomwe kwa makini. Hoteli za Kenya kwa kawaida huwa na bei ya wakazi, iliyo chini ya ile ya wageni wa nje, na kitambulisho chako ndicho tiketi yake. Kuna bei ya kulala na kifungua kinywa, ya kuongeza mlo mmoja, ya milo mitatu, na ile ya kila kitu ndani. Hii ya mwisho humpa mzazi amani, maana anajua mwisho wa matumizi yake. Hasara yake humwangukia mwenye kibanda cha samaki nje ya lango, kwa kuwa aliyelipia kila kitu hatoki. Wataalamu wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi, na wewe utaamua kila unapojaza fomu.

Ufuko ni wa nani

Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 62, inataja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Maneno "ufuko wa faragha" yaliyo katika matangazo mengi yana maana ya njia, ukuta na walinzi. Mchanga wenyewe una mwenye, naye ni wewe. Ufaransa ilifika karibu na hapo kwa sheria ya pwani ya mwaka 1986, inayolinda haki ya kila mtu kutembea ufukweni na kuzuia ujenzi karibu mno na maji nje ya maeneo yaliyokwisha kujengwa. Viti vya kukodi na miavuli ya rangi inayojipanga Cannes husimama kwa kibali cha serikali juu ya ardhi ya umma.

Kwa sababu ufuko ni wa umma, utawakuta wachuuzi, wenye ngamia, wenye mashua na vijana waitwao bichi boi. Mgeni asiyeambiwa hukereka, lakini aliyesoma kidogo huuliza bei ya kwenda mwambani, akapatana kwa heshima, akafahamu kwamba yule kijana anaijua mikondo kuliko mtu yeyote ndani ya lango.

Ndani ya lango kuna kazi nyingine. Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1983 juu ya kazi ya hisia: mtu analipwa si kwa mikono pekee bali pia kwa tabasamu, na tabasamu hilo humchosha kama mzigo. Mhudumu wa hoteli ya pwani anaifanya kazi hiyo mchana kutwa, na mara nyingi mkataba wake ni wa msimu. Masika ya Aprili na Mei wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga kwa ukarabati, na wafanyakazi hurudi makwao, wakiwemo wanaopanda basi la kwenda Mtito Andei na Kitui. Hoteli inayowaajiri watu wake mwaka mzima huonekana mezani: mhudumu analijua jina la mvuvi aliyeleta samaki, haogopi kukuambia kwamba leo kamba si wabichi, na meneja hamkaripii mbele yako. Utulivu wa mgeni na uhakika wa mfanyakazi vinahusiana sana.

Zoezi la kuanzia

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone jinsi mambo haya yanavyofanya kazi pamoja. Chama cha walimu wastaafu wa Mutomo kimeweka akiba ya kukaa usiku nne katika hoteli ya nyota nne au tano. Wanataka utulivu, kuogelea kidogo na mazungumzo marefu. Wawili wana shinikizo la damu, mmoja anatembea kwa mkongojo. Wamependekeza mwisho wa Novemba.

Kwanza bahari na majira. Novemba mvua inanyesha Ukambani, Sabaki imejaa, na kaskazi inaanza. Malindi tunaiweka kando kwa mwezi huo. Watamu, Shanzu na Diani zinabaki. Pili, mwezi: wachague juma la maji mafu, ili maji yasikimbie mbali asubuhi wanayopenda kuogelea na mwenye mkongojo asilazimike kuvuka uwanja wa mchanga.

Tatu, njia. Barabara ya lami kutoka Mutomo inawafikisha Kibwezi, na treni ya reli mpya iliyoanza mwaka 2017 ina kituo hapo, mradi wachague ile inayosimama vituo vya kati. Itawashusha Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa. Kwenda Diani, barabara ya Dongo Kundu huwaepushia kivuko cha Likoni. Kwenda Watamu ni mwendo mrefu wa barabara kupitia Kilifi. Kwa wazee, saa hizo za ziada ni sehemu ya bei hata kama hazimo kwenye risiti.

Nne, watu: wapige simu wenyewe, saa ya kazi na saa ya usiku, wasikilize wanavyojibiwa. Tano, jengo, na hapo ndipo nyota zinapoingia. Vyumba vya chini viko vingapi? Kuna ngazi ngapi hadi ufukweni? Pwani ya Diani ina sehemu ambazo hoteli hukaa juu ya jabali dogo, na mandhari yake ni mazuri kuliko ngazi zake. Jikoni wanaweza kupika bila chumvi nyingi? Zahanati iko umbali gani? Mwisho wasome sifa za wageni waliokaa mwezi huohuo wa mwaka uliopita, kwa kuwa sifa za Februari hazimsaidii mtu wa Novemba.

Huenda wakaishia Diani, katika hoteli ambayo picha zake hazikuwa za kwanza kwa uzuri. Wataweza kueleza kila sababu, na hapo ndipo taaluma inapotofautiana na bahati nasibu.

Kazi inayowasubiri wasomi wetu

Elimu hii bado changa kwetu, na nafasi ya mwanafunzi wa Kitui na Makueni ndani yake ni kubwa. Maembe na machungwa yetu hufika soko la Kongowea, na asali ya Mwingi na Kibwezi huenda mbali. Nani atafuatilia kreti moja kutoka shambani hadi kwenye meza ya kifungua kinywa ya hoteli ya nyota tano, aone kila mkono unabaki na shilingi ngapi? Nani ataandika maisha ya wapishi na wachongaji wa Ukambani waliostaafu pwani kabla hawajaondoka na kumbukumbu zao? Nani atapima, mto kwa mto, kiasi ambacho matuta na mabwawa ya mchanga yameuzuia udongo usifike Malindi, kisha awaulize wenye hoteli kama wako tayari kuchangia gharama za majembe? Nani atauliza kwa nini akina mama wa vyama huweka akiba ya safari miaka miwili, wakakaa siku tatu, na siku ya pili wakaanza kuulizana habari za mbuzi?

Kwa anayetaka kusafiri tu, mpangilio wa kukumbuka ni huu: bahari, majira, njia, watu, ndipo nyota. Kwa anayetaka kusoma zaidi, aanze mahali alipo. Aende daraja la Athi mvua ikinyesha, achote maji kwenye chupa, aache udongo utuame, na aandike tarehe. Afanye hivyo msimu mzima, kisha alinganishe na rangi ya bahari ya Malindi mwezi uleule. Hiyo itakuwa data yake ya kwanza, na mlango wa taaluma uko wazi.